Until Dawn: je, maamuzi yangu yana uzito wowote, au mchezo unanichezea mimi?

Mkesha wa Chang'ombe

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu kuhusu Until Dawn, ule mchezo wa kutisha wa mwaka 2015 uliotengenezwa na Supermassive Games ya Guildford, Uingereza, kwa ajili ya PlayStation 4. Natahadharisha mapema kwamba nitafichua mengi ya ndani ya hadithi, kwa hiyo ambaye hajaucheza na anataka kushtuka mwenyewe aishie hapa.

Kwa wasioufahamu, vijana wanane wanarudi kwenye jumba la mapumziko lililo juu ya mlima wa Blackwood, Alberta, nchini Kanada, mwaka mmoja baada ya mapacha Hannah na Beth kutoweka huko usiku wa theluji, kisa kikiwa ni mzaha mbaya ambao Hannah alifanyiwa na rafiki zake mwenyewe. Mchezaji huwaongoza vijana hao kwa zamu, na kila mmoja anaweza kufa kabla ya kupambazuka. Mchezo unajihifadhi wenyewe unapoendelea, kwa hiyo ukikosea huwezi kurudi hatua moja nyuma. Aliyekufa amekufa, na hadithi inaendelea bila yeye.

Tuliucheza kwa usiku tatu, mimi, mdogo wangu wa kike na binamu yetu, tukipokezana padi. Waliofika alfajiri walikuwa watatu tu: Sam, Mike na Ashley. Hilo sikulilalamikia, maana Jessica alikufa kwa sababu nilisuasua njiani, na Emily alipigwa risasi na Mike kwa kidole cha binamu yangu. Nilikasirika nilipoanza upya peke yangu ili nirekebishe makosa. Katika utangulizi, Beth ananing'inia ukingoni mwa jabali akiwa amemshika Hannah kwa mkono mmoja, na mchezo unakutaka uchague. Mara ya kwanza tulimwachilia Hannah, mara ya pili sikumwachilia, na mara zote mbili wote wawili walianguka. Katika sura ya nne, Chris anatakiwa kuchagua ni nani apone mbele ya msumeno unaozunguka, Josh au Ashley. Mara ya kwanza tulimchagua Ashley, na msumeno ukamwendea Josh, jambo ambalo lilieleweka. Safari hii nikamchagua Josh, na msumeno ukamwendea Josh vilevile!

Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni kifo cha Chris katika sura ya nane ya mchezo wetu wa kwanza. Anakimbia kwenye theluji huku akifukuzwa na mmoja wa viumbe wala watu wanaozurura mlimani humo, padi ninayo mimi, sikukosea kitufe hata kimoja, anafika mlangoni na kuugonga kwa nguvu zake zote, Ashley yuko ndani na anamwona, lakini hafungui. Chris akakatwa kichwa kizingitini. Naomba mtu aniambie kosa langu lilikuwa lipi. Pia ningependa kujua kama vile vinyago vidogo vinavyookotwa njiani, vinavyoonyesha picha za mambo yatakayotokea, vina msaada wowote wa kweli, kwa sababu sisi vilituchanganya tu.

Fundi Matawi

Ndugu Mkesha, hujadanganywa moja kwa moja. Umedanganywa nusu, na nusu hiyo ina sababu ya kifundi ambayo nimeionja mwenyewe.

Mimi huandika hadithi fupi za kuchagua njia, za maandishi matupu, kwa ajili ya rafiki zangu kuzisoma kwenye simu. Hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwa uaminifu wa kijinga: kila njia panda ilizaa njia mbili ambazo hazikukutana tena. Njia panda ya kwanza ikanipa hadithi mbili, ya pili nne, ya tatu nane, na nilipofika ya sita nilikuwa nadaiwa miisho 64, kila mmoja ukihitaji kuandikwa kwa akili timamu. Niliiacha hapo. Mtu mwenye ukaidi kunizidi angefika njia panda ya ishirini, na huko angekuta miisho zaidi ya milioni moja. Sasa fikiria kwamba badala ya maandishi una waigizaji wa kulipwa, Hayden Panettiere akiwa Sam na Rami Malek akiwa Josh, ambao kila kauli na kila mkunjo wa uso wao lazima uigizwe na kurekodiwa kabla ya kuingizwa kwenye mchezo. Hakuna mfuko unaoweza kulipia matawi yasiyokutana.

Kwa hiyo watengenezaji hufanya kama zifanyavyo njia za miguu kijijini, ambazo huachana kwenye mbuyu, moja ikapita kwa mama muuza vitumbua na nyingine ikakata shambani, kisha zote zikakutana kisimani. Mapacha ni lazima waanguke, kwa sababu bila anguko lao hakuna hadithi ya kusimulia. Vivyo hivyo, kwa kadiri ya mpangilio wa mchezo huu, huwezi kumpoteza Sam wala Mike kabla ya sura ya kumi hata ukikosea vitufe vyote, kwa kuwa wao ndio wanaobeba matukio ya mwisho. Ukishalijua hilo, unaanza kuona mahali ambapo hofu yako ilikuwa ya bure, na nakiri kwamba mchezo unapungua utamu kidogo.

Hata hivyo, njia zinapokutana tena kisimani, msafiri si yuleyule. Mchezo unaweka kumbukumbu ya nani yuko hai, nani anamwamini nani, na nani ana nini mkononi. Mfano mzuri ni Matt. Kuna bastola ya fataki za kuombea msaada anayoweza kuipata kule kwenye mnara wa kuangalizia moto. Akiifyatua angani papo hapo, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya, baadaye kiumbe kinapomvamia gizani hana cha kujitetea nacho. Akiwa amebaki nayo, anaweza kupona. Uamuzi ule haukubadilisha tukio lililofuata wala lililolifuata hilo. Ulikuwa mfukoni mwake ukisubiri.

Ile miisho mamia inayotangazwa, basi, ni hesabu ya darasani. Watu wanane, kila mmoja akiwa na hatima mbili, wanakupa michanganyiko 256. Nasema hatima mbili badala ya kufa na kupona kwa sababu Josh haponi kabisa: ama anauawa mgodini, ama anabaki huko akigeuka kuwa mmoja wa viumbe wale. Ukicheza vizuri kuliko wote duniani, utawatoa saba.

Binti Makupa

Kaka Mkesha, Fundi amekueleza gharama za ujenzi, na sina ugomvi na hesabu zake. Ninachokikataa ni kuuita msumeno ule udanganyifu wa watengenezaji.

Hebu jiulize ni nani aliyeutega. Katika sura ya saba tunajua kwamba yule mwenye kinyago aliyekuwa akiwatesa usiku kucha ni Josh mwenyewe, kaka wa Hannah na Beth, anayelipiza kisasi cha dada zake kwa kuwafanyia wenzake mzaha mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Kifo chake kwenye msumeno kilikuwa maigizo aliyoyapanga yeye. Msumeno usingeweza kumwendea Ashley hata Chris angelia machozi ya damu, kwa sababu Josh hakuwa na nia ya kumuua. Alitaka Chris aamini kwamba anachagua. Aliyekudanganya ni Josh, na alikudanganya wewe kama alivyomdanganya Chris, kwa kipimo kilekile. Mimi nilipoligundua hilo nilizima runinga nikakaa nikiitazama skrini nyeusi kwa dakika kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimelaani watengenezaji kwa maneno yaleyale uliyoyatumia wewe.

Zile sehemu za kati ya sura na sura, ambapo Daktari Hill anakuhoji ofisini kwake, akikuuliza unaogopa nini na nani humpendi, nazo zimo katika mtego huohuo. Daktari yule yumo kichwani mwa Josh. Majibu unayompa yanarudi kama vitisho ndani ya jumba. Umemtajia mtesaji wako vitu unavyoviogopa, naye amekwenda kuvinunua.

Sasa nije kwa Chris na mlango, maana hapo ndipo penye jibu lako. Mwishoni mwa sura ya sita, kabla Josh hajafichuliwa, Chris na Ashley wanafungwa wakikabiliana, misumeno inashuka kutoka juu, na mbele ya Chris kuna bastola. Sauti inamwambia ampige Ashley au ajipige mwenyewe. Anaweza pia kutompiga yeyote. Bastola ile ina risasi za mlio tu, kwa hiyo hakuna anayekufa, kila mtu anashusha pumzi, Josh anavua kinyago na kuwacheka. Mchezaji anadhani deni limefutwa. Lakini Ashley alikuwa amekaa pale akitazama mdomo wa bastola, na aliona kidole cha Chris kikivuta. Hakusema kitu. Sura mbili baadaye Chris anagonga mlango akiwa na kifo mgongoni, na aliyesimama upande wa pili wa kioo ni yeye.

Hakuna kitufe cha kukuokoa hapo, kaka yangu. Ashley hufungua kwa yule ambaye hakumfyatulia. Kwa hiyo swali langu kwako ni fupi: katika sura ya sita, mlimpiga nani? Ukifungua orodha ya athari za kipepeo ndani ya mchezo, yaani orodha ya maamuzi yako na yaliyotokana nayo, utaona tukio moja limefungwa na jingine kwa mpangilio, na huhitaji kunisadiki mimi.

Sioni hadithi nyingi za matawi zinazofanya hivi. Mara nyingi mchezo hukuonyesha mara moja kwamba umefanya vibaya, ukaadhibiwa, mkamalizana. Huu unakuacha ule, ucheke, ushinde misukosuko mingine minne, halafu ndipo unapokuletea hesabu.

Mzee wa Kibandani

Wajukuu zangu, mimi si mjuzi wa uandishi. Nina kibanda cha gemu Morogoro, na Until Dawn nimeitazama ikichezwa mara nyingi kuliko nilivyoicheza. Nitasema moja tu ambalo waliotangulia wameliruka: maamuzi makubwa ya mchezo huu ni yale ya kutofanya kitu.

Matt na Emily wanazingirwa na kulungu ukingoni mwa jabali. Vijana wangu karibu wote, wakiona shoka mkononi mwa Matt na alama ya kupiga kwenye skrini, wanapiga. Aliyepiga anajikuta ananing'inia jabalini. Aliyetulia, kulungu wanampisha, anapita kama mtu anayepita katikati ya mbuzi barabarani. Vilevile pale mwanzoni kwenye mazoezi ya shabaha, Chris anaweza kumlenga kindi asiye na hatia. Ukimuua, ndege anakuja kumparua Sam usoni. Ni jambo dogo, lakini mchezo umekwisha kukuambia tabia yake.

Halafu kuna ile amri ya kutosogea. Viumbe wale huona mwendo tu, hivyo skrini inakuagiza utulie, na padi yenyewe ina kihisi kinachopima mtetemo wa mikono yako. Mchezo huu ulipotangazwa mara ya kwanza mwaka 2012 ulikusudiwa kwa PlayStation 3 na kile kijiti cha kuchezea kwa kupunga mkono, na mchezaji angetazama kwa macho ya mhusika. Baadaye wakahamia kizazi kipya na kubadili karibu kila kitu, ila mkono wa mchezaji walibaki nao, na kwa maoni yangu walifanya la maana.

Jioni moja kijana alikuwa sura ya kumi, Sam yuko sebuleni, gesi imejaa nyumba nzima, wenzake bado hawajatoka, na kila anapotaka kukimbilia swichi ya taa lazima kwanza atulie. Akikimbia mapema, waliobaki ndani wanateketea nyumba inapolipuka. Kijana alishika padi kama aliyebeba yai. Kibanda chote kilikuwa kimya, watu kumi na wawili, hakuna aliyemeza mate. Nje akapita muuza aiskrimu na kengele yake. Kijana hakuruka, vidole tu vilishtuka, na hadithi ya Sam ikaishia hapo. Alitaka kunidai nauli ya muda wake wote, nikamwambia akamdai wa aiskrimu.

Wengine huiweka padi juu ya meza ili isitikisike. Siwakatazi, lakini siwaheshimu.

Mpenda Visasili

Naomba nijibu lile la vinyago vidogo, ambalo limeachwa, na njiani nimguse Emily.

Vinyago hivyo, ambavyo mchezo unaviita totemu, viko 30, na rangi ndiyo ufunguo wake. Cheusi kinaonyesha kifo cha mmoja wa wahusika, chekundu hatari, cha kahawia hasara au msiba wa mwingine, cha manjano kinaelekeza, na cheupe kinaonyesha bahati, yaani jambo jema linaloweza kutokea. Picha yenyewe hudumu sekunde chache na haikuambii ni lini. Kosa la wengi, na huenda ndilo lenu, ni kuchukua cheusi kama utabiri na kukimbia chochote kinachofanana na picha, ilhali cha manjano ndicho kinachokuonyesha la kufanya. Msaada upo, ila ni wa mganga asiyemalizia sentensi.

Emily ni suala lingine kabisa. Anarudi kutoka mgodini akiwa ameumwa, Mike anamwelekezea bastola kwa kuogopa kwamba atageuka, na mchezo unakuachia uamuzi. Hapa hujadanganywa na mtu. Umeongozwa na hadithi nyingine zote ulizowahi kuona, ambamo anayeumwa huambukizwa. Lakini kiumbe huyu ni wendigo, na wendigo hatokani na hadithi hizo. Anatokana na visasili vya watu wa jamii ya Kialgonkwini, wakiwamo Wakrii na Waojibwe, wa Kanada na kaskazini mwa Marekani, na katika visasili hivyo kinachomgeuza mtu ni kula nyama ya mwenzake wakati wa njaa ya kipupwe. Mchezo wenyewe unafuata kanuni hiyo: wachimbaji walionaswa mgodini mwaka 1952 walikulana, na Hannah aligeuka baada ya kuula mwili wa Beth. Ashley akiisoma daftari ya mzee mmoja anayewawinda viumbe hao, anagundua kwamba kuumwa hakuambukizi kitu. Ikiwa Mike amekwisha kufyatua, ugunduzi huo unafika wakati maiti iko sakafuni. Binamu yako, Ndugu Mkesha, aliua mtu asiyeambukizwa chochote.

Nina lawama moja kwa watengenezaji. Zile nguzo ndefu za kuchongwa zinazoonekana mchezoni ni utamaduni wa watu wa pwani ya Pasifiki, kama Wahaida na Watlingiti, walio mbali na Wakrii kwa lugha na kwa mila. Kuzichanganya na wendigo ni sawa na mgeni kutunga hadithi ya Wamasai na kujaza vinyago vya Kimakonde kila boma. Mchezaji wa Guildford hatalijua hilo. Mwenye nguzo zake atalijua.

Mkesha wa Chang'ombe

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa Mzee wa Kibandani.

Binti Makupa, swali lako lilinifanya nikae chini kufikiri, kwa sababu sikukumbuka kabisa tulimpiga nani. Nilikumbuka misumeno ikishuka, kisha nikakumbuka Josh akicheka, lakini katikati hapakuwa na kitu. Nikafungua orodha ya athari za kipepeo kama ulivyoelekeza, na ikawa imeandikwa wazi kwamba Chris alimfyatulia Ashley. Nilikuwa tayari kuja hapa kubisha kwamba mimi nisingefanya hivyo.

Ndipo nilipomwita mdogo wangu. Usiku ule, adhana ya Isha ilipoita, nilimwachia padi nikaenda kuswali, binamu yetu akawa jikoni anapasha wali. Niliporudi Josh alikuwa amekwisha kuvua kinyago, na wote wawili, Chris na Ashley, walikuwa hai, kwa hiyo sikuuliza chochote. Naye hakusema. Kesho yake, Chris alipofia mlangoni mikononi mwangu, nililaumu padi, nikalaumu kitufe, nikamlaumu Ashley kwa maneno makali, na binti huyu alikuwa amekaa kando yangu akila karanga. Nilipomuuliza jana kwa nini alimpiga Ashley, alijibu kwamba Ashley aliyekuwa kwenye kiti alikuwa akimsihi Chris ampige yeye, na yeye akaona ni adabu kumsikiliza.

Ameomba turudie kuanzia sura ya sita. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba ataishika padi yeye mwenyewe mpaka mlangoni.